Malaika Chini ya Sindano

Usipulize.
Hilo ndilo la kwanza nililofunzwa, na bado nawaambia wote:
pumzi ya mtu ni maji,
na maji kwa chuma ni mchwa asiye na haraka.
Tena hapa Lima, ambako mvua hainyeshi
lakini ukungu wa Agosti hupanda ngazi zote za Gamarra
na kulala juu ya kila kitu bila kualikwa.

Brashi, basi. Bisibisi fupi. Kibanio cha nyusi
nilichomwibia mke wangu, naye anajua.

Jumamosi, orofa ya sita, lifti imekufa.
Bibi Domitila Ccahuana ameketi mbele ya cherehani yake
kama anayemuuguza mtu.
"Inaruka mishono," anasema. "Inatafuna uzi.
Jana imenguruma. Binti yangu ananiambia ninunue mpya,
pesa atatuma."
Binti simjui. Cherehani naijua:
kijani cha ukuta wa hospitali,
imechubuka pale kiganja kinapoegemea,
na kwenye paji lake kabandikwa mtakatifu
ambaye uso umeshafutika.

Nafungua skrubu mbili. Nainua kibati.
Na hao hapo, malaika.
Sina jina jingine la vile vinyoya vya nguo,
vyepesi kama vya shingoni mwa mtoto mchanga,
ila hawa wameshindiliwa, bawa juu ya bawa,
haba na haba hadi kibaba kikafurika,
na meno ya kusukumia kitambaa
hayana tena pa kung'ata.

Navuta taratibu. Kinatoka kipande kizima,
kinene kama ulimi wa paka,
na ubavuni kina matabaka:
buluu juu;
kisha weupe mchafu wa mwaka wa barakoa,
aliposhona usiku na mchana, mlango umefungwa;
kisha wekundu, zile jezi za Kombe la Dunia;
na chini kabisa kitu cheusi, kigumu, kimelewa mafuta,
kama masizi ya sufuria.

"Ngoja." Amenishika mkono.
"Hii buluu ni gauni la Yesabel.
Alipotimiza kumi na mitano. Mita tisa za kitambaa!
Nilimaliza alfajiri, sindano ikanidunga,
akacheza na baba yake ukumbi mzima,
doa la damu yangu likiwa ndani ya pindo,
hakuna aliyeliona."
Sasa Yesabel yuko Torino, anaogesha wazee wa watu.
Miaka kumi.

Mimi nasoma vumbi kama wengine wanavyosoma gazeti.
Lililo juu ni la juzi.
Buluu ile ni bitana ya suruali za michezo,
oda ya mwezi uliopita, imerundikwa pale dirishani,
bado ina lebo.
Gauni, kama limo, limo kule chini
kwenye weusi, ambako rangi zote zimeshasahau.

Wilber, mwanafunzi wangu, kijana msema kweli,
ameona dirisha, ameona buluu, anafungua mdomo.
Nampa chupa ya mafuta aishike.
"Kwa mikono miwili," namwambia.

Bibi anachambua ile buluu kwa kucha,
anaitia kwenye kopo la vifungo,
kisha analeta kopo karibu na midomo,
sijui kubusu, sijui kunusa.
"Usipulize," nasema, kwa mazoea tu.
Anacheka mpaka anafuta macho.

Tone moja hapa. Tone moja kule. Zungusha gurudumu kwa mkono.
Kisha kanyagio: na sauti inatoka safi, kavu,
mahindi yanayodondoka kwenye sinia.
Ananilipa soli ishirini badala ya ishirini na tano.
Ameniambia cherehani yenyewe haikuwa chafu sana.

Tunashuka ngazi.
Kile kipande cheusi kimo ndani ya ngumi yangu.
Kila orofa nilitafuta pipa la kukitupia.
Mapipa yalikuwepo.